Mwanafunzi wa farmasia akigonjwa, kartie nzima iko hatarini

Wandugu, vijana wenzetu wa Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi na kwengine kote,

Mumezoea kutusoma hapa tukisemea barabara zilizoharibika, maji ya Regideso yasiyotoka, umeme wa SNEL unaokuja kama mgeni, na mauaji ambayo hayaishi mashariki mwa inchi yetu. Leo tunasemea jambo ambalo wengi wataona ni dogo: namna wanafunzi wa farmasia wanakula, wanalala na wanajitibu. Kuna atakayeuliza: "Hata hilo nalo ni la kupigania?" Ndiyo, na tutaeleza kwa nini.

Kijana anayesomea dawa leo ndiye atasimama kesho nyuma ya meza ya farmasia, pale mama yako anapofika na mtoto mwenye homa. Tabia anayoizoesha mwili wake wakati wa masomo, ndiyo atampa mteja. Kama miaka yote ya iniversite alijitibu na jeluli tatu za kuokoteza, alimeza dawa bila kitu tumboni, alitafuta kidonge cha kumwamsha usiku na kingine cha kumlaza asubuhi, hatageuka mtu mwingine siku ya kupewa diploma. Kwa hiyo afya yake si mambo yake peke yake. Inatuhusu sote, hata sisi ambao hatujawahi kufungua silabusi ya kemia.

Maisha ya blokusi

Kwa wale ambao hawajafika iniversite: blokusi ni zile wiki kabla ya mitihani, mwanafunzi anajifungia na silabusi zake, dunia inabaki inje. Na farmasia ni kati ya masomo yenye mzigo kweli kweli. Kuko kemia ya oganiki, biokemia, farmakolojia, toksikolojia, mimea ya dawa, namna ya kutengeneza vidonge na siro. Juu yake kuko kazi za laboratwari, ripoti za kuandika, na estaji hospitalini ama katika farmasia ya mjini.

Sasa muangalie siku yake. Asubuhi anatoka nyumbani na chai kavu, ao hata bila chai. Anapanda mlima kwa miguu, juu pesa ya moto ndiyo ile ile pesa ya fotokopi. Saa sita ananunua mandazi mbili. Jioni anapata bugali na sombe kama nyumbani walipata; kama anapangisha chumba na wenzake, wanachanga unga na sambaza kidogo, na kuna siku mfuko wa unga unaisha mbele ya pesa kufika. Watu wengi tunakulaka mara moja kwa siku katika inchi hii, si siri. Lakini yeye, na hiyo mara moja, anaombwa kukariri majina ya molekuli mia mbili.

Kisha kuna usingizi. Katika kartie nyingi umeme unakuja usiku sana, saa tano ao saa sita, wakati viwanda na majiko ya watu yamezima. Mwanafunzi hachagui saa ya kusoma. Ni SNEL inamchagulia. Umeme ukifika, anaamka, anachaji telefone, anafungua kompyuta, anasoma mpaka saa kumi na moja ya asubuhi. Saa moja na nusu anapaswa kuwa oditwari, kwa sababu akichelewa hapati kiti na atasikiliza somo kwa dirisha.

Ili asianguke, anakunywa kahawa nzito ama kile kinywaji cha nguvu cha kopo. Hapa ndipo mambo inakuwa ya ajabu. Huyu kijana anajua vizuri kuliko sisi wote kafeini inafanya nini. Amefundishwa kwamba kwa mtu mzima wa kawaida, kama saa tano baada ya kuinywa, nusu yake ingali mwilini. Maana yake, kahawa ya saa nne ya usiku, saa tisa nusu yake iko ingali inazunguka katika damu. Amelijibu hilo swali kwenye mtihani na akapata pointi zote. Na jioni ile ile akakunywa kahawa ya saa nne.

Asubuhi moyo unapiga mbio, usingizi umekataa, kichwa inauma. Anafanya nini? Anafungua kartable, anatoa plaketi.

Ordonansi ya kichwani

Mwanafunzi wa farmasia haendaka hospitali. Anajiandikia ordonansi kichwani, na dawa anaipata kirahisi: katika estaji, kwa rafiki anayefanya kazi kwenye depo, ama kwenye farmasia ya njiani ambako hakuna anayemuuliza kitu. Tuchukue mifano, moja moja.

Kichwa inauma, anameza diklofenaki ao ibuprofeni. Tangu chai ya asubuhi hajala. Dawa hizo zinapunguza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinalinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Ndiyo maana tunamwambia mgonjwa ale kwanza, na asiizoee kila siku. Yeye anaimeza kila siku ya blokusi, na tumbo tupu. Kisha anashangaa tumbo linawaka moto, anaanza kununua dawa ya gastrite. Tayari ako na magonjwa mawili, na moja amejinunulia mwenyewe.

Malaria imempata. Anajua dawa: artemeteri na lumefantrini, mara sita katika siku tatu. Anajua pia kwamba lumefantrini inahitaji mafuta katika chakula ili iingie vizuri mwilini. Maziwa, karanga, hata nusu ya avoka. Lakini siku hiyo hakuna avoka. Anameza na maji. Siku ya pili homa imeshuka, mtihani uko kesho yake, zile dozi za mwisho anaziweka: "Zitanisaidia siku ingine." Ao anampa mwenzake wa chumba ambaye naye ameanza kutetemeka. Watu wawili wamejitibu nusu nusu, na vijidudu vimepata shule ya bure ya kujifunza kupambana na dawa.

Koo linauma, ananunua amoksisilini jeluli nne, juu pesa yake ni ya jeluli nne. Mara nyingi koo na mafua ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Hilo nalo analijua.

Kuna wengine, wasichana na wavulana, wanaotaka kunenepa haraka ili waonekane wako na afya. Wanachukua deksametazoni. Uso unajaa, watu wanasifu: "Eh, umependeza, maisha imekubali!" Kumbe dawa inavimbisha maji na kuhamisha mafuta, inadhoofisha kinga ya mwili na mifupa, inapandisha sukari ya damu. Na mtu aliyeizoea akiiacha mara moja anaweza kuanguka vibaya, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe.

Na kuna tramadoli. Hii ni dawa ya maumivu makali, ya familia moja na morfini. Inauzwa katika miji yetu kama bombo. Wabeba mizigo wanaimeza ili wasisikie uchovu, na katika kampasi pia inaingia, kimya kimya, kwa jina la kutuliza presha. Mwili unaizoea, unaomba nyingi zaidi. Ikizidi inaleta kifafa. Ikichanganywa na pombe ama vidonge vya usingizi, inaweza kuzima pumzi ya mtu usiku amelala. Kila mwanafunzi wa farmakolojia ameisoma hiyo sura.

Hakuna hata mfano moja kati ya hii unaotokana na ujinga. Wakubwa wetu wakisikia vijana wanatumia dawa vibaya, jibu lao ni moja: "Tuwafundishe, tuwasensibilize." Sawa. Lakini hawa ndio wamefundishwa kuliko wote! Kama elimu peke yake ingetosha, mwanafunzi wa farmasia angekuwa mtu mwenye afya kushinda wote mjini. Anajua ale mbele ya kumeza, lakini chakula hakuna. Anajua amalize dozi, lakini pesa ya dozi nzima hakuna. Anajua mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba, lakini orare na umeme havimuachii hata nne. Njaa haisomaka silabusi.

Kosa ni la nani?

Kuna sehemu ya kosa iliyo yetu, vijana. Tutaifikia. Lakini tuanze na wale waliopewa kazi ya kulinda.

Katiba ya inchi yetu ya 2006, katika artikle 47, inasema haki ya afya na ya kupata chakula cha kutosha imehakikishwa. Artikle 42 inawapa wenye mamlaka wajibu wa kulinda vijana dhidi ya kila kitu kinachoharibu afya yao, masomo yao na kukua kwao. Hayo si maneno ya wanaharakati. Ni sheria mama. Mwaka 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba kila serikali itaweka angalau asilimia 15 ya bajeti yake katika afya. Ni zaidi ya miaka ishirini imepita, na Congo haijafika pale. Mpango wa afya kwa wote ulianza kwa kina mama wanaojifungua na watoto wachanga, Kinshasa, mwaka 2023. Ni hatua nzuri, tunaitambua. Lakini kijana wa miaka 21 anayetetemeka na malaria katika chumba cha Kadutu, huo mpango haujamfikia.

Angalieni hesabu anayoifanya. Kwenda hospitali: fishi, konsultasioni, egzameni ya laboratwari, kisha dawa. Kwenda kwa mwenzake wa estaji: "Yaya, nisaidie na plaketi moja." Nani kati yetu, na mfuko ule ule, angechagua ya kwanza?

Na kila mwaka mwanafunzi analipa minervali, na juu ya minervali pesa za hapa na pale zenye majina mengi. Tunauliza swali rahisi: katika pesa hizo zote, ni franga ngapi inamrudilia siku amegonjwa? Kampasi ngapi ziko na dispansere inayofunguliwa kweli, yenye nesi, yenye dawa za malaria, yenye maji ya kunawa mikono? Ngapi zinachanja wanafunzi dhidi ya hepatiti B mbele ya kuwatuma estaji ambako watashika damu na sindano za watu? Chanjo hiyo ni dozi tatu, inamalizika ndani ya miezi sita hivi. Haihitaji mkutano wa kimataifa. Inahitaji orodha ya majina na mtu wa kuifuata.

Kijana anayefundishwa kulinda afya ya wengine, mahali ambapo hakuna anayelinda ya kwake, anajifunza somo lingine ambalo haliko katika silabusi: kwamba kila mtu ajipange. Hilo ndilo somo tunaloliogopa, kwa sababu ndilo atakalolipeleka mtaani.

Kutoka chumbani mpaka kartie

Mwanafunzi wa farmasia hangojei diploma ili aanze kazi. Tangu mwaka wa kwanza, kwao wanamuita "dokta". Mama mkubwa anampigia: "Dokta, mguu inanivimba, nimeze nini?" Jirani anabisha mlango usiku: "Dokta, mutoto anaharisha, uko na kidonge?" Na yeye, ju ya heshima na ju ya huruma, anajibu. Anatoa ile ile amoksisilini aliyobakisha. Anashauri ile ile diklofenaki. Anachojifanyia ndicho anachotoa.

Tena farmasia nyingi katika miji yetu hazina mfarmasia. Kuna mwenye duka, kuna kijana wa kuuza, na mara nyingi kijana huyo ni mwanafunzi anayetafuta minervali. Amechoka, hajala, hajalala. Mgonjwa anataja ugonjwa, yeye anahesabu vidonge kwa mkono. Dozi ya mtoto inahesabiwa kwa kilo. Mtu ambaye hajalala siku mbili anakosea hesabu. Hapo mwenye kulipa ni mtoto.

Wale wanaofikiri tunazidisha, wakumbuke Ituri. Kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, mamia ya watu kule, wengi wakiwa watoto, walifika hospitalini shingo imepinda, uso umekaza, ulimi unatoka. Mwanzoni walifikiri ni menenjiti. Uchunguzi ulipofanyika, ikaonekana walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, kumbe ndani hamna diazepamu: kulikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kopo lilisema jambo moja, kidonge kilikuwa jambo lingine. Nani angelikamata kopo hilo mbele lifike kwa mgonjwa? Mtu wa dawa aliye macho, anayeuliza limetoka wapi, anayetazama kidonge mara mbili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika inchi maskini na za kati, dawa moja kati ya kumi ni ya uongo ao haifikie kiwango. Katika mazingira kama hayo, macho ya mfarmasia ndiyo mlango wa mwisho. Tunataka mlinzi wa mlango huo awe amelala usingizi wake nyumbani, ili asilale kazini.

Na kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Mwaka 2019, watu karibu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria zao hazikusikia tena antibiotiki, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyopigwa zaidi kwa kulinganisha na wingi wa watu. Kila jeluli nne za kuokoteza, katika kampasi na katika kartie, zinaongeza jiwe kwenye mzigo huo. Siku antibiotiki zitakataa kufanya kazi, tajiri atapanda ndege aende kujitibisha ngambo. Sisi tutabaki hapa.

Vita na kichwa

Hatuwezi kusemea afya ya mwanafunzi wa Kivu bila kusemea vita. Tangu Januari 2025 Goma, na Februari Bukavu, zilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga, mishahara ikakwama, wazazi wengi wakakosa hata pesa ya unga. Kuna wanafunzi walikimbia na kitabu moja. Kuna waliopoteza ndugu. Kuna wanaosoma huku sikio moja likisikiliza risasi. Kisha prof anaingia, anaendelea na ukurasa wa 84 sawa vile hakuna kitu kilitokea.

Mtu aliyepitia hayo anaweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kulia bila sababu, kukasirikia wenzake, kuchukia masomo aliyoyapenda. Sisi tunamwambia: "Jikaze, uko mwanaume." Ao: "Ombea." Maombi ni mazuri, hatuyakatai. Lakini mtu akivunjika mguu tunamuombea na tunampeleka kwa daktari. Kwa nini kichwa kikivunjika tunamuachia maombi tu? Bukavu kuko SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu, Lubumbashi kuko senta ya Dokta Joseph Guislain. Ni mahali pa matibabu ya akili, na kuingia mlango wao haimaanishi wewe ni mwenda wazimu. Kwa mwanafunzi wa farmasia haya ni ya lazima mara mbili, kwa sababu ndiye mwenye njia fupi ya kufika kwenye diazepamu na tramadoli. Huzuni ya wengine inatafuta pombe. Ya kwake iko na ufunguo wa kabati.

Kwa wale wanaopinga

Wamoja watasema: "Wanafunzi wote wanateseka. Wa sheria, wa uchumi, wa pedagojia. Kwa nini muwapendelee wa farmasia?" Hatuwapendelei. Tunaanzia kwao kwa sababu wao wanaonyesha wazi jambo lililo kweli kwa wote: ujuzi bila masharti ya kuishi hauleti afya. Tukipata dispansere ya kampasi, mwanafunzi wa sheria naye ataingia pale na malaria yake. Tukipata orare yenye akili, wote watalala.

Wengine watasema: "Inchi iko vitani, ninyi munasemea usingizi?" Tunajibu: vita vitaisha siku moja, na siku hiyo tutahitaji watu wa kujenga upya hospitali na farmasia. Tukiwaacha waharibike leo, hatutawatengeneza siku hiyo kwa komunike.

Na wengine watasema: "Hayo ni mambo ya kila mtu na mwili wake." Ingekuwa hivyo kama mwili huo ungebaki chumbani. Lakini kesho unavaa bluzi nyeupe.

Tunachodai

Kwa wakuu wa iniversite:

1. Dispansere inayofanya kazi katika kila kampasi, na mutuweli ya afya ya wanafunzi ambayo pesa yake inaonekana: nani analipa, kiasi gani, imetumika wapi. Raporti ibandikwe ukutani kila sesioni.

2. Chanjo ya hepatiti B, pamoja na glavu, miwani na hewa inayopita vizuri katika laboratwari, kabla ya mwanafunzi kuguswa na damu ao asidi. Bila hivyo, estaji isianze.

3. Orare ya mitihani yenye nafasi ya kupumzika, na chumba cha kusomea chenye umeme wa jua, ili usiku urudi kuwa wa kulala.

4. Maji na kantini ya bei ya mwanafunzi. Sahani moja ya maharagi kwa siku ingepunguza diklofenaki kuliko afishi mia.

5. Mtu wa kusikiliza, aliyesomea kazi hiyo, ambaye hatatoa siri ya mwanafunzi kwa dekano wala kwa wazazi.

Kwa serikali na vyombo vyake: ACOREP ifuatilie kweli farmasia zinazouza tramadoli na antibiotiki bila ordonansi, badala ya kuwasumbua wauzaji wadogo peke yao na kuacha wenye depo kubwa. Baraza la wafarmasia lihakikishe anayesimama nyuma ya meza anasimamiwa na mtu mwenye diploma, na kwamba mwanafunzi anayefanya kazi hapo analipwa na anapumzika. Ahadi ya Abuja iingie katika bajeti, si katika hotuba. Na kwa wale wenye silaha wanaoshika miji yetu leo: hospitali, farmasia na kampasi si sehemu ya vita. Muziache.

Tunachoanza sisi wenyewe

Hatungojei wakubwa waamke. Wenzetu wa farmasia, hii ni kazi ya wiki hii, na haiombi ruhusa ya mtu.

Kila promosheni ianzishe sanduku la dawa, franga kidogo kila wiki, CP na wenzake wawili wakishika daftari, hesabu isomwe mbele ya wote. Mwenzenu akigonjwa, alipiwe konsultasioni na dozi nzima. Dozi nzima, si nusu.

Muchange chakula. Watu watano wakipika pamoja wanatumia makaa ya mtu moja. Atakayemeza dawa ya malaria atafutiwe avoka. Kivu haikosi avoka.

Muwekeane sheria: baada ya saa moja ya jioni hakuna kahawa wala kopo la nguvu. Na katika kikundi cha WhatsApp cha promosheni, hakuna mtu kuuza ao kuombea plaketi ya tramadoli. Anayeomba, msimcheke na msimshitaki. Mkae naye. Labda ndiyo namna yake ya kusema anazama.

Na kwa nyumba: siku mama mkubwa atapiga simu, umuulize maswali matano mbele ya kumtajia dawa moja. Ana umri gani, ana ujauzito ao presha, tangu lini, amemeza nini tayari, amekula? Ukiona inakuzidi, umwambie "Mama, hii ni ya hospitali." Hapo ndipo utakuwa dokta kweli, hata bila diploma.

Wandugu, mapambano yetu ni ya kuishi kwa heshima, na heshima inaanzia mwilini. Mwanafunzi anayekula, anayelala, anayemaliza dozi yake, na anayedai haki yake mbele ya rekta bila kutetemeka, ni raia ambaye hakuna mtu atamnunua kirahisi. Tuandikieni kila kampasi inapoanzisha sanduku lake. Na pale wakuu watakapofunga mlango wa mazungumzo, mtatukuta inje ya mlango huo, na vikaratasi vyetu, tumesimama kwa amani, na safari hii tumelala vizuri.

Vijana wa Congo, tuamke. Lakini kwanza, tulale.